Barua Zangu Kinywani Mwake

Jumatatu, 3 Machi

Mwizi! Mwizi wa mchana kweupe, tena mwenye sauti tamu.

Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya jokofu la chanjo, tochi mdomoni, natafuta gesi inavujia wapi. Zahanati ya mlimani, ile yenye ngazi nyingi. Muuguzi kaweka redio yake dirishani. Nikasikia sauti ya Zumari, nikatabasamu. Mimi hutabasamu kila nikimsikia. Rafiki yangu tangu bwenini, kitanda chake juu, changu chini. Tulimpa jina Zumari kwa sababu hata akiomba chumvi ungedhani anaimba.

Halafu akasema: hili niliandika siku niliyomzika mama. Akasoma.

*Nimefika jua juu, mlango umeshafungwa,*
*Na ndara zake mbili tu, pale pale zimepangwa...*

Tochi ikanidondoka.

Langu! Mama ni wangu. Ndara ni za mama yangu! Nilimwandikia Zumari barua ile nikiwa kwenye kizingiti cha nyumba yetu, nimechelewa maziko kwa sababu daraja lilikuwa limekatika. Hakuna mwingine duniani niliyempa maneno yale. Na mama yake yeye yu hai — mzima kama kigingi! Mwezi uliopita tu alinipigia kuniuliza kama nimepata mume.

Alipomaliza, muziki laini. Kisha: shairi la leo limeletwa kwenu na magodoro yasiyobonyea.

Muuguzi alikuwa anafuta machozi. Akasema huyu dada ana moyo. Akaniangalia, akauliza mbona na mimi nalia. Nikamwambia nimejibana kidole.

Jumatano, 5 Machi

Sili. Chai tu.

Nataka niandike hapa ilivyokuwa, nisije nikajidanganya. Kanuni aliitunga yeye, bwenini: barua isiyo na vina haipokelewi. Ukiomba kukopa kitana, omba kwa vina. Ukigombana na mtu, shtaki kwa vina. Tukacheka, tukazoea. Tukaahidiana kwamba tukiwa wakubwa tutaizunguka nchi nzima wawili, kila mji na shairi lake. Nchi nimeizunguka mimi, peke yangu, na majokofu. Yeye alipata kazi ya redio akabaki jijini. Basi nikawa namwandikia kutoka kila nilikolala — ziwani, nyanda za juu, mpakani, kule ambako vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Mwanzoni alijibu beti kwa beti. Baadaye ubeti mmoja. Baadaye kwenye simu: "Umeua!" na kidole gumba.

Nikasema ana kazi nyingi. Nikaendelea kuandika. Mjinga mimi!

Leo nilisikiliza kwa makusudi. Kasoma lile la kivuko, la mzee aliyevuka na mlango wa nyumba yake kichwani. Kabadilisha maneno mawili tu: "gari langu" amelifanya "basi letu", na kina kimevunjika. Hata kuiba hajui! Anayeiba si aibe vizuri?

Mchana nikaenda stoo yetu kuchukua kompresa ya jokofu. Mtunza stoo ananiita, fundi, fundi, njoo usikie kitu kitakachokufaa barabarani. Kamrekodi Zumari kwenye simu! Nikasimama pale, kompresa mikononi, nasikilizishwa maisha yangu mwenyewe. Akaniuliza: si amepatia? Nikasema amepatia.

Jioni nikampigia kaka yangu. Akasema mpigie umuulize. Nikamwambia sitaki kumuuliza, nataka aumie. Kisha akasema mama asingependa. Nikamkatia. Kila mtu sasa anamsemea mama yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mambo yameiva. Wametangaza ziara! "Zumari na Barua za Nchi Yangu." Nchi yake! Mtu ambaye akipita kituo cha mwisho cha mabasi ya jijini anapiga simu nyumbani kusema amefika. Watatembea mji kwa mji, jukwaa, spika, magodoro ya kushindaniwa, na kila mji utasomewa shairi "lililoandikwa hapohapo".

Na leo, saa ya chakula, ujumbe kwenye simu yangu. Naunakili neno kwa neno nisije nikasema nimeota:

"Mwenzangu, mbona kimya hivyo? Nimeyakumbuka maneno yako. Tutafika hadi ule mji wa bondeni uliowahi kunitajia. Nitumie kitu cha huko basi. Kitamu kama kawaida yako."

Kitamu!

Nilisoma mara ya pili nikiwa nimesimama juani katikati ya uwanja wa zahanati. Hajui kwamba najua. Anadhani redio haifiki niliko. Anakuja kuchota tena, na ndoo yake mkononi, na tabasamu.

Nikaitia simu mfukoni. Huzuni ilikuwa imeniondoka. Sijui kwa nini niliandika "kuchota". Neno lilikuja lenyewe. Na likabaki.

Jumanne, 11 Machi

Mji wa bondeni nimeshafika mara nyingi. Zahanati yake ina jokofu sumbufu kuliko yote, na muuguzi anayeitwa na kila mtu Dada wa Chanjo, ambaye hunipa kitanda cha chumba cha akiba na kunisimulia mambo.

Yeye ndiye aliyenieleza habari za kisima. Kiko katikati ya mji, kimezibwa kwa zege. Mwaka wa ile mvua kubwa, maji ya vyoo yaliingia humo bila watu kujua. Kipindupindu. Walioanza kwenda ni watoto, maana ndio waliokuwa wanacheza pale. Barabara ilikatika, dawa zikachelewa, na redio haikusema kitu — hakuna mwandishi aliyefika. Mpaka leo mtu wa mji ule hatamki "kisima". Anasema "pale palipozibwa". Nyumba kadhaa zina kitanda kidogo ambacho hakuna anayekilalia.

Zumari halijui hilo. Sikuwahi kumwandikia, niliona si langu la kutungia.

Leo nimetunga. Nimekaa ndani ya gari, madirisha juu, na yamekuja kwa urahisi wa kutisha:

*Nakuandikia soga, niko bonde la neema,*
*Nimeyanywa na kuoga, maji yake ya kisima,*
*Watoto wanajimwaga, wakinywa bila kukoma,*
*Kisima kina huruma, hakijamnyima mtu.*

Beti nne za namna hiyo. Mizani imekaa. Vina vimekaa. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama hiki, na sijawahi kuandika kitu kibaya kama hiki.

Asome hilo jukwaani. Asome kwa ile sauti yake. Awatazame usoni akisema watoto wanakunywa bila kukoma.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetuma.

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mfukoni: "Weee! Hili ndilo lenyewe! Nimekupenda bure!"

Nimekula leo. Sahani mbili. Mwenye mgahawa akauliza kama nimepata barua ya kupandishwa cheo.

Jumatatu, 17 Machi

Tangazo lao linarudiwa kila saa. Jumamosi, mji wa bondeni, shairi jipya ambalo halijasikika popote! Nimebadilishana zamu na fundi mwenzangu nipate kazi ya huko. Nimemwambia nina ndugu mgonjwa. Nataka kuwepo. Nataka kumwona uso.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefika saa tisa, vumbi tupu. Jukwaa limeshasimamishwa — wamelijenga juu ya lile zege lenyewe! Ndipo pahali palipo tambarare, vijana wa spika hawakujua. Wenyeji wanapita wanatazama tu, hakuna anayesema. Watasemaje, na neno lenyewe hawalitamki?

Nikatengeneza jokofu kwanza. Mpira wa mlango umechoka, kazi ndogo. Dada wa Chanjo akaniletea mkate, akaja na aliyeuoka.

Huyu muoka mikate nilikuwa nimemsikia kwa habari tu. Alipoteza wawili mwaka ule, mvulana na msichana. Mama mwenye mikono minene, kicheko cha haraka. Kasuka nywele upya. Gauni lake la Jumamosi, anasema, limeshapigwa pasi mara mbili.

Akaniambia: "Fundi, wewe unatembea sana. Ni kweli huyo dada wa redio atasoma habari zetu?"

Nikasema nasikia hivyo.

"Basi nitakaa mbele. Miaka yote hii hakuna aliyetusoma. Mtu akikusoma ndio unajua kwamba ulikuwepo."

Nikajifanya natafuta bisibisi.

Alipoondoka nilitoka nje na simu mkononi. Jina la Zumari likiwa kwenye kioo. Ningesema maneno mawili tu: usisome hilo. Nikasimama pale. Kwa mbali spika zikajaribiwa, moja mbili, moja mbili, na sauti yake ikapita juu ya mabati — kasoma mstari mmoja wa ndara za mama, kupimia mitambo. Kupimia mitambo!

Sikupiga.

Jumamosi, 22 Machi

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Mji mzima ulikuwa pale. Zumari kapanda amevaa nguo ya bluu, kanenepa kidogo, kapendeza, Mungu anisamehe, na nilipomwona kitu kiliniruka kifuani kama zamani akishuka kitanda cha juu. Nikakibana. Nilikuwa nyuma, kando ya ukuta wa duka la nafaka, na Dada wa Chanjo ubavuni kwangu. Muoka mikate mbele kabisa, kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe.

Magodoro yakashindaniwa. Watu wakacheka. Kisha Zumari akatoa karatasi. Akasema: nimefika kwenu siku nyingi kabla hamjaniona, nimefika kwa maneno.

Akasoma. Mstari wa kwanza, makofi. Wa pili — "maji yake ya kisima" — na nikasikia kimya kinaanza mbele, kinarudi nyuma safu kwa safu mpaka kikanifikia. Yeye alidhani ni kimya cha kupendwa! Akapunguza sauti, akaipamba. "Watoto wanajimwaga." Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Akafika kwenye huruma, kwamba hakijamnyima mtu, akainua macho akitegemea makofi.

Hakuna.

Muoka mikate alisimama. Hakupiga kelele. Akauliza tu, na kwa kile kimya alisikika bila spika:

"Maji matamu, dada? Wewe umeyaonja?"

Zumari akatabasamu, akasema, nimeyaonja kwa vina tu mama, kwa vina.

"Wangu waliyaonja. Wote wawili. Umesimama juu yao."

Hapo ndipo alipotazama chini. Kalitazama lile zege. Nikaona anaelewa — si yote, lakini ya kutosha. Mwanamume mmoja akaanza kutukana. Kiatu kikaruka, kikampita. Kijana aliyegawa magodoro akamvuta mkono ashuke, Zumari akagoma. Alikuwa ananitafuta! Macho yanapita vichwa juu ya vichwa, na yakanipata pale ukutani.

Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo. Nilikuwa nimeipanga usoni mwangu: nitamtazama hivi, sitapepesa. Na sikupepesa. Akajua. Nikajua kwamba amejua.

Nikasema moyoni, haya, sema sasa. Sema kwamba si lako! Sema kuna mtu mwingine, sema mashairi yote ni ya mtu mwingine, ninyooshee kidole. Ungesema hilo ningekuwa nimepata vyote viwili, haki yangu na aibu yako. Na wao wangenigeukia, najua. Nilikuwa tayari. Nadhani nilikuwa tayari.

Akarudisha maikrofoni mdomoni. Akasema:

"Maneno haya ni yangu. Niliyaandika bila kujua, na kutokujua si kisingizio. Nisameheni."

Yangu!

Kaniibia hata hilo. Hasira yangu, sumu yangu, kazi ya mikono yangu — kaichukua mbele ya watu wote na kuiwekea jina lake. Kiatu cha pili kikampata begani. Hakukinga. Na mimi nimesimama ukutani, msafi kama sahani iliyooshwa, hakuna hata anayenitazama.

Isipokuwa mmoja. Dada wa Chanjo akasema taratibu, bila kugeuza shingo: "Huyu hajawahi kufika hapa. Habari za pale palipozibwa nilimsimulia nani mimi?"

Hajanipa ufunguo wa chumba cha akiba leo. Nimelala kwenye gari.

Jumapili, 23 Machi

Nimeamshwa na kugongwa kwa kioo. Zumari. Gauni lilelile la bluu, vumbi mpaka magotini. Watu wa redio wameondoka alfajiri na jukwaa lao, na yeye kawaambia hapandi. Kipindi wamekisimamisha, magodoro yamejitoa. Nikahesabu ndani yangu nimefurahi kiasi gani. Kidogo. Kidogo kuliko nilivyotegemea, na hilo nalo likanikasirisha.

Nikashusha kioo vidole viwili.

Nikamwambia: ndara za mama yangu.

Akasema: "Najua."

"Mama yako yu hai!"

"Najua. Alinipigia akiwa analia, akaniuliza nimemuua kwa kosa gani."

Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. Nikamuuliza kwa nini. Nilikuwa nataka ajitetee vibaya, ili nipandishe kioo. Akakaa kwanza, mgongo kwenye mlango wa gari langu, chini, kwenye vumbi, hata sikuwa namwona tena. Nikawa nasikia sauti tu. Pengine ndiyo sababu nilisikiliza, maana sauti hiyo nimeisikiliza maisha yangu yote.

Alisema siku ya kwanza hakukusudia. Mgeni wa kipindi hakutokea, hewa tupu, barua yangu iko kwenye mkoba. Akasoma. Simu zikamiminika. Mkubwa wake akauliza umeandika wewe? Akasema ndiyo. Akasema kusema ndiyo ya pili kulikuwa kwepesi zaidi.

Kisha akasema hili, na hili nitaliandika kama lilivyo:

"Miaka yote unaniandikia. Barabara, mito, wazee wenye milango kichwani. Tafuta barua moja uliyoniuliza mimi naishije. Niliachwa na mume, nikakuandikia kwa beti, ukanijibu kwa shairi la kivuko. Nikaacha kuandika, hukuuliza. Nikaona basi, haniandikii mimi. Anaandika tu, na mimi ndiye sanduku. Nikalifungua sanduku."

Uongo! Nimemwambia huo ni uongo mkubwa. Nikapandisha kioo.

Lakini nimekaa hapa nazipitia kichwani, moja baada ya moja. Ile ya ziwani. Ile ya mpakani. Ile ya siku gari lilipozama matopeni. Nazijua zote kwa moyo. Natafuta ubeti mmoja wa kumuuliza hali. Lazima upo. Sijaufikia bado.

Hata kama haupo — ndiyo sababu ya kumchukua mama yangu? Ndiyo bei? Sikubali. Sitakubali!

Akasimama, akajikung'uta. Akaniambia kupitia kioo kilichofungwa, pole pole ili nisome midomo:

"Yule mama wa mikate anataka kujua nani aliniambia habari za kisima. Jana aliuliza, nikakwepa. Naenda kumpigia magoti sasa. Akiuliza tena nimjibu nini? Nikuachie hili liwe lako, au niliibe nalo?"

Nikamtazama. Majibu yalikuwa mengi, yote na vina.

Akangoja kidogo. Kisha akaenda.

Nimewasha gari. Tangi limejaa, jokofu la hapa limepona, sina kazi tena mji huu. Barabara ya kutokea iko mbele yangu, nyeupe. Lakini naandika, mguu kwenye breki, kijitabu juu ya usukani.

Nawaona kwenye kioo cha pembeni. Tanuri linafuka moshi. Zumari kapiga magoti kweli, na muoka mikate kasimama, mikono ya unga imening'inia. Sasa ameinama. Anamshika mabega, sijui anamwinua au anamtikisa. Dada wa Chanjo naye amefika, yuko kando, mikono kifuani. Muoka mikate anauliza kitu. Kifupi. Anakirudia.

Zumari amegeuka huku. Amenyoosha mkono. Sijui anaonyesha barabara, kwamba aliyemwambia ameshapita, au ananionyesha mimi.